Sentimita Mbili

Novemba, Ísafjörður. Jua limeshatutupa mkono,
limejificha nyuma ya mlima hadi mwisho wa Januari,
nasi saba tumebanana bafuni kwa akina Sölvi
na chupa ya dawa inayochoma macho,
taulo za mama yake mabegani mwetu.
Mashindano ya mpira wa mikono ni Jumamosi.
"Timu ni kichwa kimoja," anasema Sölvi,
na kichwa hicho, imeshaamuliwa, kitakuwa cheupe.

Nani aliamua? Nimelibeba swali hilo miaka kumi na tisa.
Sölvi aliapa ni Hrafnkell; Hrafnkell, kwamba ni sisi.
Labda tulifuata mkumbo,
na mkumbo nao ulikuwa unatufuata sisi.
Nakumbuka tu kwamba niliitikia kabla sijaulizwa:
kichwa kilitangulia,
akili ikaja nyuma ikihema, ikiuliza tumefika wapi.

Ketill peke yake alibaki mlangoni.
"Hapana, mimi sipaki,"
kwa sauti ya mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana.
Tulimwachia nafasi tu kwenye benchi,
nafasi ya mtu mmoja na nusu,
na kila siku ile nusu ikanenepa.
Kumbe ukatili hauhitaji mkono:
watosha kila mmoja asogee kidogo
akidhani kusogea kwake hakupimiki.

Usiku, kitandani, nilimjenga Ketill.
Nilimpa paji pana la mwanafalsafa,
nikamtia kinywani maneno ambayo hakuyasema
juu ya uhuru, juu ya mtu na kundi.
Nikamhusudu. Kisha nikamchukia,
maana jambo lililonishinda lilikuwa jepesi hivyo.

Jua likarudi.
Mji mzima ulikunywa kahawa, ukala chapati nyembamba kwa jamu,
na mwanga wa kwanza ukapenya dirisha la darasa,
ukatua juu ya vichwa vyetu.
Hapo ndipo nilipoona, chini ya weupe,
sentimita mbili za kahawia.
Kwa Sölvi. Kwa Hrafnkell. Nikakimbilia kioo cha chooni: kwangu.
Hilo hatukuwa tumekubaliana.
Hakuna kikao kilichokaa. Nywele ziliota
bila kuomba ruhusa, kila moja kwa rangi iliyoijua,
polepole kuliko aibu, ila hazikusimama.

Nikamfuata Ketill kwenye makabati ya viatu.
Nilikuwa na miaka kumi na tano na swali zito kunizidi:
ulipata wapi nguvu ya kufikiri peke yako?
Akacheka. Akainua nywele za kisogoni,
akanionyesha ngozi nyekundu, yenye magamba.
"Dawa ile ingenichubua. Nina mzio."
Kisha, akifunga kamba za viatu:
"Hamkuniuliza. Hata mmoja wenu."

Basi mwanafalsafa hakuwepo.
Palikuwa na mvulana mwenye ukurutu na sababu yake,
na sita wasio na sababu yoyote
isipokuwa kila mmoja alikuwa sababu ya mwenzake.

Tangu hapo siwaamini sana wanaojigamba
kwamba fikra zao ni zao. Hata neno "mimi"
nilifundishwa na wengine, kwenye meza ya jikoni,
nikalirudia mpaka likanizoea.
Nikilipekua kila wazo nililonalo
sijui kama nitapata hata moja lisilo na alama ya vidole vya mtu.

Jana binti yangu Sunneva, miaka kumi na miwili,
aliomba hela ya chupa kama ile.
Wenzake wote, akasema, Ijumaa.
Sikukataa. Nilikaa ukingoni mwa beseni
nikamuuliza: na wewe?

Akafungua kinywa, akakifunga.
Bomba lilikuwa likimwaga maji.
Nikaliacha limwage.